Viatu Mlangoni pa Lifti

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikujibu: chai. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, na nilikuwa na akili zangu zote. Na mimi si mtu wa kumeza kila kinachosemwa. Nyumbani waliniita "Kwa Nini" tangu utotoni, kwa sababu ndilo neno lililonijaa kinywani. Nilisoma fizikia Lubumbashi, nikarudi Kalemie na diploma na maswali yangu, na kazi niliyoipata ni ya kukaa mapokezi katika jengo la kifahari kando ya ziwa. Haya yalinipata mimi. Hayakumpata binamu yangu, wala rafiki wa rafiki.

Jengo lenyewe lina rez-de-chaussée, yaani ya chini, na gorofa nne juu yake. Kuna pisini ya maji ya bluu, hatua mia moja hivi kutoka Ziwa Tanganyika. Niambie wewe, nani anachimba bwawa kando ya ziwa? Kuna chumba cha mazoezi ambamo watu wanakimbia bila kwenda popote. Kuna gurupu ya mazuti inayonguruma umeme ukikatika, yaani karibu kila siku. Halafu kuna lifti. Watu wa mtaani walikuwa wakisimama nje ya kioo kuitazama tu ikifunguka na kujifunga.

Lifti hiyo ilikuwa na jambo lake la kuchekesha. Wageni wengi, hasa mama na shangazi wa wapangaji, mlango ulipofunguka waliona nini? Chumba kidogo chenye zulia jekundu, kioo na taa. Basi wakafanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: wakavua viatu, wakaviacha nje, wakaingia. Mlango ukajifunga, wakafika juu miguu mitupu, na viatu vimebaki chini. Mimi nilicheka kila mara. Papa Sumaili, zamu wetu, yaani mlinzi wa mchana, hakucheka. Alivipanga viatu ukutani, jozi kwa jozi.

"Unacheka nini?" alikuwa akisema. "Ile ndiyo adabu. Weye unaingia mu chumba cha watu na tope?"

Ndipo zikaanza zile kandambili za bluu. Kila alasiri zilikuwa pale mbele ya lifti, zimelowa maji na zina mchanga wa ziwa. Moja ilikuwa imekatika kamba, ikafungwa kwa uzi wa wavu. Hakuna aliyewahi kuzirudia. Asubuhi hazipo, alasiri zipo tena. Mpangaji wa 4A naye akalalamika: kila siku saa tisa mtu anabisha mlango unaotazamana na wake. Hodi, hodi, hodi, mara tatu, kisha kimya. Akifungua anakuta maji tu kwenye vigae. Na mlango huo, 4B, haukuwa na mtu. Ilikuwa apartema ya kuwaonyesha wateja, imejaa viti ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia.

Jeran wetu, yaani msimamizi wa jengo, hakutaka kusikia habari za ajabu. Alimwandikia Papa Sumaili demande d'explication. Kama umewahi kufanya kazi biro yoyote nchini kwetu, unaijua barua hiyo: inakutaka ujieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane, na jibu lisipopendeza, unatoka. Kosa lake liliandikwa wazi: anaruhusu watu wasiojulikana kuingia, na analala kazini.

Papa Sumaili akaniletea ile karatasi ameikunja mara nne. Lazima ujue kwamba yeye na mke wake walikuwa wakiishi katika chumba kilicho nyuma ya gurupu, kwa sababu nyumba yao ilimezwa mwaka ziwa lilipopanda. Kazi ikienda, chumba nacho kinaenda.

"Mutoto wangu, weye ulisoma," akaniambia. "Unijibie. Lakini usinidanganyie. Sijalala hata siku moja, na sijaona muntu. Naona viatu tu."

"Sasa Papa, viatu vinajileta vyenyewe?"

"Weye ulishauliza kila kitu chini ya jua. Moja tu haujauliza: hapa palikuwa nini?"

Nilijua, ila sikuwahi kulifikiria. Palikuwa na avenyu ya kina Papa Sumaili, mtaa wa nyumba zilizofuatana kutoka barabarani hadi ufukweni. Maji yalipoondoka, malori yakamwaga udongo na mawe, na jengo likapanda. Watu wa mtaa walikuwa na utani wao: "Wamekamata avenyu yetu, wakaisimamisha wima."

Siku ya pili, saa za kujibu zikikaribia kwisha, nikamwambia Papa Sumaili aende kula, mimi nitalinda. Nilitaka kumkamata mwenye viatu kwa macho yangu. Nilikaa nikitazama lifti, kitabu mapajani. Sikuona mlango wa kioo ukifunguka. Huenda nilikuwa nimeinama, sikatai. Nilipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya lifti, anavua kandambili. Za bluu.

Alikuwa mama wa kawaida kabisa. Kitenge kimelowa pindo, kama cha mtu yeyote anayetoka kununua ndakala, dagaa wetu, ufukweni. Uso mpana, kilemba kimefungwa haraka. Unataka nikuambie miguu yake ilielea hewani? Haikuelea. Ilikuwa na mchanga.

"Mama, huku hatuvui viatu," nikamwambia.

"We! Niingie na viatu ku nyumba? Mama yako alikufundisha hivyo?"

Nikacheka, nikaona aibu kidogo. Nikamuuliza anakwenda kwa nani.

"Ku nyumba. Ile ya tano kutoka barabara."

"Hapa ni gorofa, Mama. Kuna ya kwanza mpaka ya nne. Ya tano haipo."

"Hesabu vizuri, weye muntu wa masomo. Anzia chini."

Nikahesabu. Sisi huku tunahesabu kwa Kifaransa: ya chini ni rez, haina namba. Lakini ukihesabu kama nyumba za avenyu, ya chini ni ya kwanza, na ile ya nne inakuwa ya tano. Nikafurahi kupata jibu. Nikachukua ufunguo wa 4B mfukoni, nikaingia naye.

Sasa nisikilize vizuri. Lifti yetu ina sahani ya chuma iliyoandikwa watu wanne. Tulikuwa wawili. Nilipobonyeza nne, kengele ikalia na taa nyekundu ikawaka: SURCHARGE, mzigo umezidi. Nikabonyeza tena. Ikalia. Nikawaza kipimo kimeharibika, umeme wa gurupu hautulii, nikatafuta sababu tatu za haraka. Yule mama hakushangaa. Aligeuka nyuma, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na aliyezoea:

"Batoto, mushuke. Nitarudi kubachukua."

Kengele ikanyamaza. Mlango ukajifunga.

Niliogopa? Niamini, woga ulikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa na hamu tu ya kujua. Nilitaka kumuuliza mambo mia, na nikauliza la kijinga kuliko yote: watoto ni wangapi? Akaniinulia vidole vinne, na lifti ikafika.

Alisimama mbele ya 4B, akanyoosha kitenge chake. "Hodi," akabisha. Kimya. "Hodi." Kimya. Kabla ya mara ya tatu akanitazama.

"Kila siku nabisha hodi ku nyumba yangu miye mwenyewe," akasema. "Mara tatu. Na hakuna wa kuniambia karibu. Narudi."

Ungefanya nini wewe? Mama amesimama mlangoni, amelowa, na ufunguo unao mkononi. Nilifungua mlango, nikasogea pembeni, nikasema neno ambalo kila mtu kwetu amelisema mara elfu bila kufikiri:

"Karibu, Mama."

Aliingia polepole. Alishika kiti, hakukikalia. Alifungua bomba la jikoni, akatazama maji yanatoka, akacheka cheko fupi.

"Nyie munaleta maji mu nyumba na mabomba," akasema. "Kwetu yalijileta."

Kisha akaenda dirishani. Ziwa lote lilikuwa pale, tulivu na jeupe kwa jua. Akalitazama kama unavyomtazama jirani mliyegombana. "Huku juu hayafiki," akasema. Halafu akageuka: "Bon. Niende nibalete batoto."

Akapita karibu yangu, nikasikia harufu ya matope ya mvua. Nikasikia lifti ikijifunga na kuteremka. Nikashuka ngazi mbio, gorofa zote, karibu nivunjike mguu. Chini Papa Sumaili alikuwa amesharudi, amesimama na mswaki wa mti mdomoni. Lifti ilikuwa wazi, tupu. Kandambili hazikuwepo.

"Papa, nani ametoka humu?"

"Hakuna muntu. Imefunguka yenyewe."

Tukiwa tunaitazama, ikalia SURCHARGE, mara moja, fupi. Ikatulia, kama waliomo wamejibana. Kisha mlango ukajifunga na ikapanda. Ndiyo, mtu wa juu angeweza kuiita. Nililiwaza hilo pia. Tukapanda kwa ngazi, Papa Sumaili akihema nyuma yangu. Mbele ya mlango wa 4B, uliokuwa wazi kama nilivyouacha, tulikuta viatu vimepangwa: kandambili za bluu zenye uzi wa wavu, na pembeni yake jozi nne ndogo, ya mwisho fupi kuliko kidole changu cha kati. Zote zimelowa. Ndani hapakuwa na mtu.

Papa Sumaili akavua viatu vyake.

"Nyumba ya tano," akasema. "Mama Feza. Maji yalipoingia alirudi na batoto wake kuokoa vyombo. Ukuta ukabaangukia." Akanigeukia. "Nani alibafungulia?"

"Mimi. Nilimwambia karibu."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

"Basi wamefika," akasema.

Nikabaki na ile barua. Ningeweza kuandika kwamba kipimo cha uzito kina kasoro, lakini kipimo hakiachi viatu mlangoni. Na kama ningeandika kwamba zamu hakuona mtu, jeran angesoma kwamba zamu alilala. Mimi, Kwa Nini, niliyewacheka watu wazima kwa habari za mizimu, nikakaa mezani nikaandika yote kama nilivyokusimulia. Mwishoni nikaongeza: aliyemkaribisha ni mimi, si yeye. Nikatia sahihi yangu chini ya yake.

Kesho yake saa tisa jeran akatuita, karatasi mkononi.

"Weye? Fizikia?" Alicheka mpaka akafuta macho. "Twende munionyeshe hao bapangaji wapya. Halafu mutaenda nyumbani, wote wawili."

Tukaingia lifti watatu. Kengele ikalia. Akanitoa mimi. Ikaendelea. Akamtoa Papa Sumaili. Akabaki peke yake mbele ya kioo, mtu mwembamba wa koti la suti, na kengele inalia, SURCHARGE inawaka juu ya kichwa chake. Akabonyeza, akapiga kitufe kwa kiganja, akatukana fundi. Hakucheka tena.

Nikasema kutoka nje: "Mama Feza, utusamehe. Batoto, mushuke kidogo, jeran apite."

Kengele ikanyamaza. Na kile chumba kikainuka kidogo, kama mtumbwi unavyoinuka watu wanaposhuka. Sisi wawili tuliona kwa macho. Jeran alihisi kwa miguu. Alitoka, akapita kati yetu, akapanda kwa ngazi. Jioni barua ilirudi mezani kwangu, imeandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: Classé, yaani shauri limefungwa. Papa Sumaili hakuguswa, na mpaka leo ndiye zamu wetu.

Usidhani niliacha kuuliza. Jumapili moja asubuhi nilipakia mifuko minne ya saruji katika lifti ile, nikaingia na mimi. Kimya. Kipimo ni kizima. Saa tisa alasiri niliingia peke yangu, mikono mitupu. Ikalia. Niambie wewe fizikia yake, mimi nimeshindwa.

4B haina mpangaji. Wateja wanasifu dirisha, wanasifu jikoni, kisha wanauliza mbona vigae vimelowa, na hawarudi. Mimi ndiye ninayepangusa vumbi mle, na siingii bila hodi. Nabisha mara tatu, kisha nasubiri kidogo.

Nawe unayetafuta apartema yenye pisini na lifti mjini kwenu, usiulize tu saa za umeme. Uliza palikuwa nini. Lifti ikilia umezidi uzito nawe uko peke yako, usibonyeze tena. Toka, wapishe, panda kwa ngazi. Na ukisikia hodi kwenye mlango usiokuwa na mtu, fikiri kabla ya kuitikia. Mgeni ukimkaribisha, siku moja ataaga. Mimi nilimkaribisha mwenye nyumba.