Viatu vya Sleji ya Mzee Mwakio

Ile siku ya sleji, mjukuu wangu, ningali naikumbuka, na kila nikiikumbuka moyo huniuma. Miaka ya hamsini hiyo. Nilikuwa fundi wa chuma hapa Voi, kijana wa kujisikia, na nilimpenda Mkamburi, binti wa Mzee Mwakio wa Sagalla, ambaye nilimjulia sokoni. Baba yake alikuwa na sleji, lile gari la mbao lisilo na magurudumu, la kuburutwa na ng'ombe. Ndilo lililowafikishia pipa la maji nyumbani. Mawe yalikuwa yameila miguu ya sleji, ile miti miwili ya chini inayoburuzwa, na Mzee akaniagiza niivishe viatu vya chuma. Siku hizo mposaji alitazamwa kazi kwanza, nami nikajua huo ni mtihani.

Nikakata springi kuukuu ya lori, nikapinda ncha motoni, nikapiga tupa hadi vikang'aa. Nikavipima juu ya sakafu ya saruji ya karakana, vikalala sawasawa. Nikajipongeza mwenyewe, maana nani mwingine angenipongeza?

Siku ya kujaribu nikawasindikiza Mzee na Mkamburi kutoka kisimani. Kumbe njia ya kwao imelala upande, na kiatu cha upande wa bondeni kilitakiwa kiwe kinene zaidi. Penye mawe sleji ikaegemea, pipa likapinduka. Kiangazi kilikuwa kikali, na maji ya siku mbili yakanywewa na vumbi huku Mkamburi akitazama.

Mzee hakupaza sauti. "Kijana, viatu ni vizuri," akasema. "Lakini umepima sakafu yako, hukupima njia yangu. Kesho njoo tuitembee pamoja."

Alikuwa ananikaribisha kwake, mwanangu, nami nikasikia matusi. Sikwenda kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Ilikuwa aibu tu. Nilipopata moyo wa kupanda mlima wa Sagalla, mvua zilikuwa zimeshanyesha na Mkamburi ameolewa Taveta.

"Mkamburi alikupikia chai siku tatu mfululizo," Mzee akaniambia. "Ikapoa, tukainywa sisi."

Nilioa baadaye, na bibi yenu, Mungu amrehemu, hakunikosea kitu. Lakini chai ile naitamani mpaka leo.

Basi nakuomba, mwanangu. Kabla ya kumfanyia mtu kazi, itembee njia yake. Na ukikosea, naye akakuambia njoo kesho, nenda kesho hiyo hiyo, hata kama uso umekushuka. Mungu akupe miguu ya kurudi, na ukifika ukute bado unangojwa.