Tanuri la Binti wa Mwokaji

Mtaani walimwita Bwana Kufuli, naye hakuchukia. Alikuwa fundi saa, na kazi hiyo ilimzoesha kuamini kwamba kitu kisichoguswa hakiharibiki. Hata kwa saa si kweli, lakini alikuwa na sababu zake. Baba yake alipofariki, baba yake mkubwa alikabidhiwa mali ya yatima akaila yote, mpaka mabati ya paa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Rafiki yake mwokaji mikate alipougua, aliandika wosia kwa wakili: tanuri, mashine ya kukandia na duka viwe amana kwa binti yake wa pekee. Mdhamini awe fundi saa, aviendeshe kwa faida ya binti, amsomeshe, kisha amkabidhi akiwa mtu mzima. Wakili alimsomea fundi maneno hayo mara mbili. Fundi akashika moja tu: amana.

Baada ya maziko, waokaji walikuja kazini alfajiri wakakuta mlango umefungwa.

"Fundi, wateja hawangoji," mkubwa wao akamsihi. "Tuache tuoke, wewe utusimamie."

"Nikisimamia, kesho mtasema nimekula. Mwenye mali bado mtoto."

Wakatawanyika. Ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka jingine la mikate, na wateja wakahamia huko bila hata kugeuka nyuma.

Tusimnyime haki yake: alitunza. Kila Jumapili alifagia, akafuta trei, akapaka vyuma mafuta. Waliotaka kulipanga duka aliwafukuza kama kuku. Binti, aliyelelewa na shangazi yake, aliacha shule kwa kukosa ada, akaanza kufua nguo za watu. Siku moja alimfuata fundi kwenye kibanda chake cha saa.

"Baba mdogo, nifungulie basi nioke mwenyewe. Kazi ya baba naijua."

"Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Methali nzuri, ila hakuna shule inayoipokea. Binti akarudi kwenye karai lake.

Hatimaye umri ukatimia. Fundi alivaa koti, akafungua mlango mbele ya wakili na binti. Trei zilimeta. Wakili alikagua kila kitu, hakikukosekana hata kijiko. Fundi alisikia raha ambayo hakuwahi kuipata maishani: baba yake mkubwa aliiba, yeye hakuiba. Alingoja neno moja tu, asante.

Binti alitia mkono ndani ya tanuri, akautoa safi. Mikono yenyewe ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Saini hapa kwamba umepokea vyote," wakili akamwambia.

Akasaini bila kusita.

"Kila kitu kipo, mwanangu," fundi akasema. "Sikula hata chembe."

"Najua, baba mdogo. Ungekula, ningekushtaki, na watu wangenionea huruma." Akamrudishia wakili kalamu. "Hukula. Lakini na mimi hukunilisha."

Fundi alimtazama wakili, kama mtu anayetafuta shahidi. Wakili alikuwa anakunja karatasi zake, na hakuinua macho.