Kibao cha Duka la Halwa

Jumatatu moja nilikuwa kwa wakili mmoja hapa Malindi, nikingoja karatasi za kiwanja changu, mara wakaingia ndugu wawili wenye duka la halwa. Sukari imeadimika, watalii hawaonekani, na mdogo mtu ameamua kutoka katika biashara. Alitaka alipwe nusu yake.

Mkubwa alikuja na hesabu tayari. Akawa akikunja kidole kimoja kimoja: “Sufuria ya shaba, mwiko, mizani, meza. Basi.”

“Na jina la duka, kaka?” mdogo akauliza kwa adabu.

“Jina gani? Kibao chenyewe rangi imebambuka! Kwa hali hii, jina halinunui hata kuni.”

Mdogo akavua kofia, akaipapasa, akaivaa tena.

“Kama ni hivyo, sufuria chukua, mizani chukua, na nusu yangu nimekusamehe. Mimi nipe hicho kibao tu, nikakitundike Mambrui, hapo jirani, nifungue duka langu.”

Mkubwa akabaki na vidole vyake vimekunjwa vile vile. Kisha akamgeukia wakili: “Bwana wakili, jambo hili hebu tuliahirishe.”

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kitu chake hakina thamani, mimi humwomba anipe bure.

Jana nimepita pale dukani. Sukari bado hakuna. Mkubwa yuko juu ya ngazi anakipaka kibao rangi, na mdogo kaishika ngazi.

“Kumbe kina bei?” nikamchokoza mkubwa.

Hata hakugeuka. “Nani kakwambia kinauzwa?”