Zulia Jeupe la Ndege ya Tajiri

Dada yangu alisafisha ndege za matajiri miaka minane, na ukimwuliza aina zake hakutajii injini. Ndogo, atakwambia, ni ya watu wanne magoti yakigusana, choo cha kubahatisha. Nusu saa keshamaliza. Ya kati ni ya watu wanane, unasimama umeinama kidogo. Kubwa ina kitanda na bafu, inavuka bahari bila kutua kujaza mafuta. Hiyo humla asubuhi nzima. Zote aliingia pekupeku, viatu kaviacha chini ya ngazi. Ndiyo amri ya kampuni, zulia ni jeupe.

Siku utumbo wa mama ulipojisokota, daktari alisema apasuliwe kabla ya jioni, na mpasuaji yuko jiji kuu. Kwa barabara ni mwendo wa siku nzima, hafiki. Kukaa hawezi, lazima alale. Mimi nililia tu. Dada alikimbilia uwanjani: tajiri mmoja alikuja na ndege mbili, na kubwa ilikuwa inarudi jiji kuu tupu. Rubani akampigia mwenyewe, mwenyewe akakubali.

Tulipofika na machela na muuguzi, kubwa haipo. Tajiri kaghairi, kaondoka nayo kwingine. Iliyokuwa inarudi tupu sasa ni ile ya kati, ya wapambe wake.

"Hii haina kitanda," msimamizi wa usafi akasema. "Poleni, jamani."

"Haina kwako," dada akamjibu. "Mimi ndiye ninayetoa makombo chini ya viti."

Akapanda, akavuta viti viwili vinavyotazamana vikakutana, akalaza migongo yake. Kitanda hicho. Lakini mlango mwembamba, machela ikagoma kupita. Mama akaguna, nami nikajua basi tena, tumemkosa.

Dada alichuchumaa. "Nifungie mama mgongoni."

Tulimfunga kwa shuka la hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipanda ngazi moja moja, na pale mlangoni nikamsikia mama kwa sauti ya kwisha:

"Mwanangu, hujavua viatu."

"Leo sivui, mama."

Akaingia na tope lake lote.

Mama yu hai, mshono umefunga. Dada kafukuzwa kazi. Barua nimeisoma mara tatu: imetaja zulia tu, mama hamna.