Jicho la Bosibori na Kidonge cha Baba

Nilipokuwa mtoto huko Kiogoro, mtoto mchanga mwenye ngozi nyeupe hakupelekwa sokoni bila kufunikwa gubigubi. Kulikuwa na watu wenye jicho, na jicho lao likimwangukia mtoto lilimwachia vitu ndani ya ngozi: punje, nyuzi, hata vipande vya shanga. Wajukuu wangu hunicheka nikiwaambia. Wacheke tu, sisi tuliishi hivyo.

Mdogo wangu Kemunto alikuwa mweupe, mnene, hata kukaa hajaanza. Siku moja tukitoka sokoni, jirani yetu Bosibori alimfunua akamtazama. "Kweli huyu ni mtoto!" akasema. Majirani wote walijua kwamba Bosibori ana jicho. Kesho yake Kemunto akaanza kuhara.

Magokoro, bibi yetu mzaa baba, alimlaza mapajani, akampaka siagi ya ng'ombe mwili mzima, akawa anasugua polepole na kunyofoa. Harufu ya siagi ile naitamani mpaka leo. "Punje ya wimbi hii hapa," akaniambia, akinionyesha ncha ya kidole chake. Haki ya Mungu, niliiona! Na maji akayakataza, eti maji yanaongeza kuhara.

Baba alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, mtu wa kanisa, na habari za jicho zilimkera. Lakini aliogopa kama sisi sote, maana kabla ya Kemunto tulikuwa tumemzika kaka yake. Akatoa vidonge vyake vya kufunga tumbo, alivyonunua mjini Kisii alipougua yeye mwenyewe, akasaga kimoja kwenye kijiko.

"Mwanangu," Magokoro akamwambia, "usifunge mlango na nyoka yuko ndani."

"Mama, hii ni dawa. Mimi ilinifaa."

Kuhara kukakoma, nasi tukamshukuru Mungu. Kufika alasiri, tumbo la Kemunto lilikuwa limevimba na kukaza, macho yamezama, usingizi haumwachi. Mama alimtia titi mdomoni, likabaki hapo tu. Uwii! Yowe alilopiga Mama bado nalisikia.

Tukamkimbiza zahanati. Nesi alipoonyeshwa vidonge na kuelezwa yote, alimjia Baba juu. "Hivi ni vya mtu mzima! Mtoto mchanga hapewi kabisa. Vinafunga matumbo, ugonjwa unabaki ndani, na maji yanazidi kumwishia. Na nani alimnyima maji?" Magokoro akatazama sakafu. Nesi akamtundikia mtoto chupa ya maji, akatuambia siku nyingine akihara anyonyeshwe zaidi na aletwe mapema.

Tukangoja kwenye benchi, Mama akiwa ndani na mtoto. Jua linazama, Mama akapiga kelele ndani: "Amekojoa! Amekojoa!"

"Basi ataishi," nesi akasema.

Baba alitoka nje akalia, nami sikuwa nimewahi kumwona akilia. Magokoro akamfuata, akakaa naye kwenye majani.

"Mama, mbona hukuninyang'anya kijiko?"

"Nilitaka uwe umenishinda, dawa yako iwe ya kweli," akamjibu. "Nilitaka sana."

Maneno hayo sikuyaelewa mpaka nilipozaa. Kemunto sasa naye ni bibi, mnene vilevile, na Bosibori alikwenda zake kaburini bila yeyote kumwomba radhi kwa kumsingizia jicho, jambo linaloniuma. Mimi jicho siliogopi tena. Mtoto akihara nyumbani, namtafuta kwanza yule aliyeogopa kupita wote, nimnyang'anye kijiko, ndipo twende zahanati.