Jalada la Sangara Wachanga

Kazi yangu ni kupanga vijitabu katika duka dogo la stationery pale Buzuruga. Wanafunzi huniletea miradi yao kwenye simu, maandishi huku, picha kule, nami nakaa kwenye kompyuta mpaka vikae kama kitabu. Ni kazi ya kuumiza mgongo, siyo ya kutisha. Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka juzi alikuja binti wa kidato cha tatu na mradi wa darasa lao kuhusu sangara wachanga wanaovuliwa kwa nyavu haramu. Walikuwa wamewaahidi wavuvi kwamba hakuna jina wala sura itakayoonekana, na binti yule alikuwa mkali kwelikweli juu ya hilo. Kila picha yenye uso aliikataa. Kwa jalada alichagua kiganja kilichoshika sangara mdogo kama kijiko. Kiganja tu. Nikakikuza kikajaa ukurasa, tukachapa, tukapiga pini. Nilijisifu, nisiseme uongo.

Asubuhi ya maonyesho nilivipeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu wao akatazama jalada, akacheka.

"Mbona huyu tunamjua! Si baba yako huyu?"

Mkono ule haukuwa na kidole cha mwisho, nami macho yangu yote yalikuwa kwa samaki. Kilikatwa na kamba ya nanga zamani, na mwalo mzima, pale wavuvi wanaposhusha samaki, unamtambua kwa hilo. Binti akaniangalia, macho yamemtoka.

"Mimi nimeuzoea," alisema kwa sauti ndogo. "Kwangu ni mkono tu."

Na mgeni rasmi alikuwa afisa uvuvi.

Niliogopa, jamani. Nyavu zile zinampeleka mtu mahakamani, na nyumba yao nzima ilikula kwa mkono ule. Tukaanza kuchana majalada, pini zikituchoma vidole. Tulipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba jana yake karani wa shule alipita dukani kuchukua nakala moja ya kumpelekea mgeni rasmi.

Afisa alifika na kijitabu chetu kwapani, jalada bado lipo na rangi zake zote. Wazazi walikuwa wamejipanga kumpa mkono, kama ilivyo kawaida ya sherehe zetu. Baba wa binti alikuwa katikati ya mstari, shati limepigwa pasi, hajui lolote. Nilitaka kupiga kelele kwamba kuna moto, au nyoka, chochote, ili mstari ule utawanyike.

Zamu yake ikafika, baba akatoa mkono. Afisa akaupokea, akaushikilia, akauangalia, kisha akaangalia jalada.

"Mwanao ni yupi?"

Baba akatabasamu, akamwonyesha binti yake.

"Amefanya kazi nzuri," alisema afisa, uso mkavu. "Kesho asubuhi nakuja mwaloni kwenu. Nisikute kitu."

Akamkabidhi kijitabu, akaendelea na mzazi aliyefuata.

Baba alisimama akikitazama. Tabasamu likamtoka polepole. Binti akamsogelea.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Binti akarudia.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Twende tukazichome nyavu. Tutakula nini, utaniambia wewe uliyesoma."