Bi Mdogo Atalala Wapi?

Shemeji yangu ni fundi wa vyerehani. Huzunguka na pikipiki yake kwa washonaji, huku akibadilisha mkanda, kule akitia mafuta, na pikipiki hiyo anaipenda kupita kiasi. Huifuta kwa fulana yake mwenyewe, na huifunika kwa pazia alilolivua dirishani bila kumwomba mtu ruhusa. Siku hiyo ya pazia ndipo dada yangu alipoipa jina la Bi Mdogo. Mtaa mzima ukalipokea jina, na shemeji naye akalikubali, tena kwa furaha. Tangu hapo hasemi pikipiki "inalala" ndani, husema Bi Mdogo "analala" ndani. Hiyo "a" ndiyo iliyotuponza.

Mwezi uliopita alikwenda jiji kubwa kutafuta vipuri, safari yake ya kwanza huko tangu binti yake ahamie miaka mitatu iliyopita. Alipanga kukaa siku mbili. Msongamano wa magari haukumtisha, wala njia asizozijua. Kilichomkosesha raha ni mahali pa kumweka Bi Mdogo, kwa sababu pikipiki ikiibiwa, kazi nayo imekwenda.

Sokoni mlinzi wa maegesho alimpa kipande cha boksi kilichoandikwa namba saba. Shemeji akageuka, akamwona mwenye pikipiki mwingine naye kashika saba. Akaondoka. Mbele ya benki akaambiwa hapo ni pa wateja tu, basi akaingia kupanga foleni ili awe mteja. Lakini kila baada ya dakika alirudi mlangoni kuchungulia, hadi mlinzi akataka kujua anamvizia nani. Mwisho akaona heri ampigie binti yake.

"Mwanangu, nipo mjini na Bi Mdogo," alisema, honi zikilia pande zote. "Shida yangu ni moja tu. Atalala wapi?"

Binti alikuwa kazini, anapiga pasi katika kiwanda cha nguo. Aliondoka nyumbani kabla pikipiki haijanunuliwa, na jina hilo hakuwahi kulisikia.

"Baba, una bi mdogo?"

"Mwaka wa pili huu. Nje simwachi, watu wa huku wana mkono mrefu."

"Mama anajua?"

"Atakosaje kujua? Rangi alichagua yeye."

Binti akakata simu, akampigia mama yake. Sasa dada yangu na utani ni chanda na pete. Alipoelewa mtoto anawaza nini, hakumsahihisha.

"Mpokee vizuri," akamwambia. "Ndiye anayempeleka baba yako kazini. Mimi nimeshamzoea, ila kelele zake za asubuhi tu."

Kisha akaja kunisimulia, akicheka mpaka ashike ukuta. Nilimwambia amefanya vibaya, lakini na mimi nilikuwa nimeshika mbavu.

Alasiri, kwa maelekezo aliyotumiwa na binti kwenye simu, shemeji akaingia kwenye ua wa nyumba ya wapangaji, anaisukuma pikipiki. Binti alikuwa amesimama mlangoni kwake, uso umekunjamana.

"Shikamoo baba." Macho yalikuwa yakimtafuta mtu mwingine nyuma yake. "Yuko wapi?"

"Marahaba. Si huyu hapa," akasema, akilipapasa tangi la mafuta.

Binti akaitazama pikipiki, akamtazama baba yake, halafu akaketi kizingitini na kucheka hadi wapangaji wakatoka vyumbani. Alipoeleza, ua mzima ukacheka. Shemeji aliona haya, lakini alicheka pia.

Mlangoni palikuwa na mfuko wa nguo. Shemeji akauliza ni wa nani.

"Wangu. Nilikuwa nakwenda kulala kwa jirani, ninyi mlale kitandani kwangu."

"Na hasira zote zile?"

"Nilikasirika sana, baba. Ila ungelala wapi?"

Shemeji alitoa kufuli kubwa kwenye mkoba, akatafuta nguzo ya kumfungia Bi Mdogo, kisha akageuka kuurudisha ule mfuko ndani. Hapo akauona mlango vizuri. Ulikuwa na pete mbili za kufuli, lakini kilichopitishwa ndani yake ni msumari uliopindwa.

"Unafunga kwa hiki?"

"Kufuli liliharibika nilipohamia. Nimezoea."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu, baba. Hukuwahi kuuliza."

Shemeji aliporudi nyumbani, dada yangu alikuwa amejiandaa kumtania wiki nzima. Alianza kwa kumwuliza Bi Mdogo alilazwa wapi huko mjini. Shemeji akasema alikaa uani siku zote mbili, bila kufungwa.

"Na kufuli lako?"

"Nimeliacha mlangoni kwa mtoto," alisema, na dada yangu hakuendelea na utani.